Majina Niliyoyakata kwenye Nyimbo za Nyar Polo

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikuwa na furaha nyingi mpaka ikanifanya mjinga. Nakuita mwanangu ingawa pale stejini Rongo bado mimi huitwa kijana. Nivumilie tu. Aliyeungua mdomo kwa uji ana ruhusa ya kumwonya anayeinua kikombe, hata kama wamezaliwa mwaka mmoja.

Nilikuwa na kibanda cha nyimbo. Kompyuta moja, spika mbili kubwa kuliko mlango, na kiti cha mteja ambacho mguu wake mmoja ulikuwa wa tofali. Mtu analeta flashi, unamjazia nyimbo, anaenda kuzisikiliza nyumbani au kwenye bodaboda yake. Shule sikufika mbali, lakini watu walisema nina masikio. "Enda kwa yule kijana, atakuchagulia kitu kizuri." Nikawa naota studio yangu mwenyewe, yenye kioo kikubwa na zulia ukutani, na waimbaji wakinisubiri nje. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi maji nilikuwa nayachota kwa ndoo.

Basi ndipo ukaja mkusanyiko wa Nyar Polo.

Kama hukumjua, nikuambie. Jina lake maana yake ni binti wa mbingu, kule radi inakotoka. Ni mtu wa upande wa Homa Bay. Huku kwetu gita limezoea muziki wa benga, linacheka, linatembea kwa vidole. Yeye akaja na gita la roki, linanguruma, na ngoma nyuma yake kama mtu anabomoa nyumba. Wakati ule wazee walisema msichana huyo amemeza jenereta. Miaka thelathini baadaye wazee hao hao walikuwa wananiletea flashi.

Lakini kuna kitu kimoja cha kwetu ambacho hakukiacha, nacho ni pakruok. Unajua kwenye muziki wetu mtu anaweza kuinuka katikati ya wimbo, akatoa alichonacho, mwimbaji akapunguza ala, na yule mtu akashika kipaza sauti ajisifu mwenyewe, au amsifu shemeji yake, au kijiji chake. Halafu wimbo unaendelea. Nyar Polo alikuwa anaweza kulisimamisha gita lile katikati ya ngurumo, ngoma ikabaki inagonga polepole kama moyo, mpaka mtu amalize kusema jina lake. Nani mwingine wa roki amewahi kufanya hivyo?

Watu wake walituletea sisi wa vibanda mkusanyiko huo tuuze kwa niaba yao. Nyimbo thelathini na mbili, tangu ya kwanza aliyoimba akiwa msichana hadi ya juzi. Katika kundi letu la mashabiki kwenye simu hapakuwa na amani kwa furaha. Huyu anasema nyimbo za mwanzo ndizo zenye moto. Mwingine anasema hapana, sauti yake imeiva sasa, zamani alikuwa anapiga kelele tu. Kijana mmoja wa boda aliandika kwamba wimbo wa saba umemfanya asimame kando ya barabara avue helmeti ausikilize, na abiria wake naye akashuka, wakasikiliza wote. Kila ndege huruka na ubawa wake.

Na mimi nikaona niseme langu. Lingekuwa la kusema tu, mwanangu, tusingekuwa hapa. Nilisikiliza mkusanyiko wote siku moja nikiwa najaza flashi za wateja, sikio moja hapa, jingine kule. Nikaona nyimbo tano zina majina mengi. Gita linasimama, mtu wa Rangwe anajisifu, mtu wa Karungu anamsifu mama mkwe. Nikasema moyoni, roki haisimami. Nikazifuta. Nikahifadhi mkusanyiko mpya wa nyimbo ishirini na saba juu ya ule wa zamani, na ile flashi iliyouleta nikaisafisha nikamjazia mteja mahubiri. Kisha nikatangaza kwenye kundi kwa fahari: nimewapepetea, njooni mchukue ngano, makapi nimetupa.

Mama mmoja anayeuza samaki Homa Bay alinijibu papo hapo. "Wewe nani amekutuma kukata kichwa cha samaki? Kichwa ndicho kitamu!"

Mama Robi, Mkuria anayebadilisha pesa mpakani Isebania, yeye alituma sauti. "Kijana, mimi huyo mwanamke nimetembea naye tangu sijaolewa. Wewe umemkuta njiani juzi, tayari unampunguzia mzigo?"

Nikajibu kwa vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Vitano.

Juma moja baadaye, asubuhi ya Jumatano, aliingia kibandani mzee mmoja wa Ndhiwa. Nilimkumbuka, nilikuwa nimemuuzia mkusanyiko huo. Ni fundi baiskeli wa miaka mingi, mikono ina grisi ambayo hata sabuni imeikubali.

"Oyawore, jaduong'," nikamwamkia kwa heshima. "Karibu ukae, lakini usiegemee, hicho kiti kina hasira."

Hakucheka. Alitoa flashi kwenye leso, akaiweka mezani taratibu. Akaniambia kuna wimbo mmoja haumo, na redio walitangaza kwamba umo. Wimbo wa Nyar Polo aliourekodi uwanjani Ndhiwa, wakati bado anazunguka na lori la vyombo.

Nikasema labda flashi imeshika virusi. Ndiyo, mwanangu, nilidanganya. Uongo wa kwanza huwa unatoka wenyewe, kama kikohozi.

Yeye akaendelea tu, hakuonekana kunisikia. Siku ile uwanjani mkewe Penina alikuwa anauza njugu. Wenye pesa walikuwa wanapanda jukwaani kujisifu. Penina hakuwa na pesa, akapanda na mkebe wa njugu. Watu wakacheka. Nyar Polo akaupokea ule mkebe, akatafuna moja, akanyoosha mkono, na bendi nzima ikanyamaza isipokuwa ngoma. Akampa Penina kipaza sauti. Penina akajisifu yeye, akamsifu mumewe, na mtoto wao wa mwisho aliyekuwa mgongoni. Yote hayo yaliingia kwenye rekodi. Kaseti waliyokuwa nayo ililiwa na redio zamani.

"Penina ana miaka tisa sasa kaburini," akasema. "Jumamosi mabinti zangu wote wanakuja, tunaweka saruji pale. Nimewaambia watamsikia mama yao. Uso wake ninao, uko ukutani. Lakini sauti, nyathina, mtoto wangu... Sauti imeanza kunitoka. Najaribu kuikumbuka, najikuta nasikia sauti ya dada yake."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia ukweli wote, kwamba virusi ni mimi.

Nilitegemea fimbo, naye angekuwa amekosea nini? Mzee akaigonga spika yangu moja kwa kidole chenye grisi.

"Mimi mtu akiniletea baiskeli," akasema, "nikaona kengele imepinda, siitupi. Namuuliza. Mwingine ananiambia hiyo kengele iliguswa na marehemu baba yake, iache hivyo hivyo. Nitajuaje nisipouliza? Wewe una masikio mazuri, kila mtu anasema. Sasa mdomo wa kuuliza ulikuwa wapi?"

Akaichukua flashi yake, akaifunga tena kwenye leso. Mlangoni akasema, "Jumamosi saa nne." Akaondoka.

Nilitafuta kila mahali kwenye ile kompyuta. Watu wa Nyar Polo simu zao zilikuwa zimezimwa; walikuwa safarini. Wenye vibanda wenzangu wa Rongo niliwauliza, kumbe walikuwa wameufuta wao wakachukua kwangu ule niliopepeta, kwa sababu nina masikio. Hapo ndipo nilihisi uzito. Kosa langu lilikuwa limesambaa hadi Migori mjini, na kila aliyelinunua alidhani amenunua Nyar Polo mzima. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Ikabaki kundi. Niliandika kwamba nimekosa, na kwamba naomba mwenye nyimbo zote thelathini na mbili anisaidie kabla ya Jumamosi. Heh! Walinichoma.

"Makapi yameadimika?"

"Omera, ndugu, nenda ukatafute jalalani."

Yule mama wa samaki akaandika, "Leo anataka kichwa!"

Niliwaacha wacheke. Vikatuni vitano nilikuwa nadaiwa. Mwishoni ikaja sauti ya Mama Robi, fupi. "Ninazo zote. Kwa simu sitakutumia. Njoo Isebania uzichukue kwa miguu yako."

Ijumaa nilifunga kibanda nikaenda. Nilimkuta chini ya mwavuli wake karibu na foleni ya malori, mkoba kiunoni, shilingi za Kenya mkono huu na za Tanzania mkono ule. Nikamwamkia shikamoo, kama wafanyavyo pale mpakani. Akanionyesha kreti la soda lililopinduliwa.

"Kaa hapo. Zitapigwa zote, kwa mpangilio wake. Na usiseme neno."

"Mama, zote? Ni zaidi ya masaa mawili."

"Umeshasema maneno saba. Naanza upya?"

Nikafunga mdomo. Akawasha kaspika kake kadogo, akarudi kwa wateja wake. Na pale, mwanangu, kati ya moshi wa malori na makonda wanaobishana, ndipo nilimsikia Nyar Polo kwa mara ya kwanza, mimi niliyekuwa nimemuuza wiki nzima.

Wimbo wa kwanza ni msichana anayemkimbilia mtu asiyemjua, anapiga gita kana kwamba atanyang'anywa. Kufikia wa kumi amejua hatanyang'anywa, sasa anacheza nalo. Wa kumi na nne amezaa, unasikia pumzi imebadilika. Halafu majina yanaanza kuingia. Jamaa wa Rangwe niliyemfuta, kumbe ndiye aliyelikokota lori la vyombo na ng'ombe wake lilipokwama matopeni. Anajisifu kwa hilo, na Nyar Polo anacheka huku akimwitikia. Yule wa Karungu na mama mkwe wake? Mama mkwe ndiye aliyempa pa kulala msichana huyo wa gita wakati kwao walimkataa. Hayo yote yamo humo, yanasemwa wazi. Mimi nilikuwa nimesikia kelele tu. Kufikia wimbo wa mwisho sauti imekuwa nzito na ina mikwaruzo, gita linakwenda polepole, na bado likinguruma nywele zinasimama. Miaka thelathini, na hakuna hata wimbo mmoja aliouimba akiwa amechoka na watu.

Na Penina? Alikuwa wa kumi na tisa. Gita likanyamaza, nikasikia mtu anatafuna njugu, halafu sauti ya mwanamke. Niliinamisha kichwa. Mama Robi alikuwa anahesabia dereva noti, akasimama katikati ya hesabu mpaka mwanamke yule alipomaliza. Dereva hakulalamika.

Zilipoisha zote, akanijazia flashi. Nikamuuliza kama sasa naweza kusema.

"Sema."

"Asante, mama."

"Haya. Hiyo inatosha."

Jumamosi nilifika Ndhiwa kabla ya saa nne, nimebeba spika moja kwa bodaboda, imefungwa kwa mpira wa tairi. Saruji ilikuwa mbichi bado. Mabinti wanne walikaa na watoto wao kwenye mkeka, na mzee kwenye kiti karibu na spika. Nikabonyeza.

Gita likanguruma, kuku wakakimbia. Kisha ngurumo ikakatika, ikabaki ile ngoma inayogonga polepole. Na Penina akaongea. Aliongea mbio mbio, maneno yanakanyagana: yeye ni Penina, binti wa Kanyamwa, njugu zake hazina mchanga, mume wake anatengeneza baiskeli za walimu na za wezi, wote wanalipa sawa, na huyu mgongoni mwenye makamasi ndiye malkia wa Ndhiwa. Halafu akacheka, cheko la mtu aliyeishiwa pumzi.

Mzee alikuwa ameinama, kiganja sikioni.

"Kumbe alikuwa anaongea haraka hivi," akasema. "Hilo ndilo lilikuwa limenipotea. Ile haraka."

"Baba!" binti mkubwa akasema, machozi yanamtoka na huku anacheka. "Si wewe kila siku ulikuwa unamwambia apunguze mwendo?"

"Nilikosea," akasema mzee. "Kijana, rudisha."

Nikarudisha. Nikarudisha tena. Mara ya nne yule malkia wa Ndhiwa, ambaye sasa ni mwanamke mrefu mwenye mtoto wake mgongoni, akaniambia nisirudishe, niache wimbo uendelee hadi mwisho, kwa sababu mama yake alipomaliza kusema alishuka jukwaani akacheza. Nikauacha. Wakacheza.

Nilirudi Rongo nikatengeneza flashi upya, nikawabadilishia wateja wote niliowajua, na vibanda vyote pia. Wengine hata hawakuwa wamegundua kitu kimepungua. Hiyo iliniuma kuliko matusi ya kundi.

Sasa sikiliza ninachotaka kukupa, mwanangu. Penda unachopenda, tena kipende kwa sauti kubwa. Sema wimbo huu ni mtamu na ule umekuchosha, hakuna atakayekufunga. Lakini mkono wako usifike haraka pale ulimi wako ulipofika. Kabla hujakata, uliza ni ya nani. Kitu kinachokuchosha wewe, huenda kuna mtu ametoka mbali na leso yake anakitafuta. Kuuliza si ujinga. Ujinga wangu mimi ulikuwa wa kujua. Na ukishakosa, usitafute virusi. Sema ni wewe, vumilia kuchekwa, kisha uende kwa miguu yako ukatengeneze.

Mungu akupe masikio yasiyo na haraka. Akupe watu watakaokukemea wakiwa bado wanakupenda. Na jina lako, siku litakapotajwa mbele za watu, lipate anayelinyamazia mpaka liishe.