Watani Wawili na Kiti Kimoja

Nikikumbuka kikao cha Mikumi, kwanza naona ukungu, halafu watu wakitokeza ndani yake mmoja mmoja, wamebeba mikoba, hawana miguu. Ukungu wa kule hulala chini, hufika kiunoni tu, na asubuhi ile madiwani wa Wilaya ya Kilosa tulitoka stesheni kama watu wanaoelea. Mahali fulani mbele yetu, ambako ukungu ulipanda zaidi, kulikuwa na pofu, wale swala wakubwa, wanakula majani. Tulisikia meno yao, hatukuwaona.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, kabla mabaraza ya wilaya hayajavunjwa. Mwenyekiti wa baraza letu alikuwa amehamishwa, na kiti kilikuwa wazi. Sote tulikuwa wa Chama kimoja, kwa kuwa kingine hakikuwapo, na ugomvi ambao kwingineko watu huugawa katika vyama viwili sisi tulikuwa nao ndani ya kile kimoja. Utaratibu ulikuwa madiwani tukutane kwanza kama wanachama, tupate jina moja, ndipo baraza likae kulipitisha. Tulipelekwa Mikumi ili tuwe mbali na wapambe wa mjini.

Majina yaliyokuwa mezani yalikuwa mawili. La kwanza ni la mkulima wa pamba kutoka Mvumi, mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya viua nyeupe kuliko karatasi. Huyu aliungwa mkono na madiwani wa bondeni. La pili ni la mzee wa Mamboya aliyekuwa dresa wa misheni, kazi yake kufunga vidonda na kugawa dawa. Huyo tulimuunga mkono sisi wa milimani, mimi nikiwa mmojawapo.

Sababu yetu ilikuwa barabara. Mgonjwa wa milimani alishushwa kwa machela, wanaume wakipokezana kwenye mteremko, na wengine walikata roho kabla ya kuona bonde. Mwenyekiti ndiye aliyepanga jambo gani lijadiliwe kwanza na lipi lisubiri, na jambo letu lilikuwa limesubiri miaka mingi. Dresa aliwapokea wagonjwa hao na kuandamana nao wakishushwa. Alikitaka kiti kile kuliko nilivyopata kumwona mtu akitaka kitu chochote, ingawa alikuwa mpole na hakulisema hilo kwa sauti.

Kikao kiliongozwa na katibu wa Chama, kijana mwenye bidii aliyehamia kwetu muda si mrefu kutoka pande za Ziwa. Alifungua kwa kutukumbusha kuwa binadamu wote ni sawa. Tukapiga makofi, tukatoka kunywa chai.

Mezani penye birika, mkulima wa pamba alimwona dresa akajishika kiuno.

"Jamani, dunia imekwisha! Mtumwa wangu naye anataka kiti!"

"Shikamoo kwanza," dresa akamjibu. "Au huko bondeni hamjafundishwa?"

"Nikuamkie wewe? Babu yangu alimnunua babu yako kwa kikapu cha mtama."

"Mtama wenyewe ulikuwa na fukusi."

"Na bado alipunjwa! Haya, mimina chai, bwana wako ana kiu."

Dresa akamimina kikombe, akakiinua hadi puani kwa mwenzake, kisha akakinywa mwenyewe hadi mwisho. Tulicheka wote, wa milimani na wa bondeni. Nilipogeuka, nilimwona katibu amesimama mlangoni. Yeye hakucheka.

Hapa inafaa nieleze. Koo za wazee hawa wawili zilikuwa watani tangu zamani. Mtani hukutukana hadharani, huweza kukunyang'anya kitu chako mbele za watu usimfanye lolote, na ukifiwa yeye ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Katibu aliufahamu utani, lakini ule wa kwao, ambao ni wa kabila na kabila. Hawa wawili walizungumza kilugha kimoja. Kwa hiyo hakuona watani. Aliona bwana na mtumwa. Wala hakuwa mjinga kuona hivyo. Njia ya misafara ya watumwa ilipita katika nchi yetu, na zipo nyumba ambazo hadi leo neno hilo halitamkwi kwa mzaha.

Tuliporudi ndani alisema kwamba mtu anayemwita mwanachama mwenzake mtumwa hawezi kuongoza baraza katika nchi ya Ujamaa, na kwamba jina la mkulima wa pamba litaondolewa. Wa bondeni wakapiga kelele.

"Ule ni utani, Ndugu Katibu!"

"Kila anayetukana husema alikuwa anatania," akajibu. "Nitamsikiliza aliyetukanwa peke yake. Ndugu, umeudhika au hukuudhika?"

Dresa akasimama. Mkulima wa pamba alitazama dirishani. Hakuweza kujitetea, kwa kuwa mtani akianza kueleza kwamba alikuwa anatania tu, utani umekufa. Neno lilibaki kwa dresa. Akisema ameudhika, au hata akikaa kimya, kiti ni chake. Akisema hakuudhika zitapigwa kura, na wa bondeni walikuwa wengi kuliko sisi.

"Naomba nijibu kesho," akasema.

Alfajiri nilimkuta nje, amejifunga shuka mabegani. Ukungu ulikuwa umerudi, mrefu kuliko wa jana, na ndani yake tembo walikuwa wakivuka kuelekea Mkata, migongo tu inaonekana, kama vilima vilivyoamua kuhama. Hatukusikia hata kishindo. Katekista wa kata jirani na yangu, naye diwani, alitufuata akipiga mswaki.

"Bwana dresa, hakuna anayekuomba useme uongo," alimwambia. "Kaa kimya tu. Kimya si dhambi."

"Nani kakwambia?"

"Kumbuka kina mama waliokufia njiani."

"Unanikumbusha mimi?" dresa akasema. "Wewe ulikuwa umebeba upande gani wa machela?"

Katekista akatema povu akaondoka. Dresa aliendelea kuwatazama tembo. Nilimuuliza atasema nini.

"Yule alimzika mama yangu," alisema. "Mvua ilikuwa kubwa, mto umejaa, akavuka hivyo hivyo. Alipofika akakaa juu ya udongo wa kaburi, akasema hashuki mpaka apewe jogoo. Nilikuwa sijala siku nyingi. Nikacheka, nikala."

Kikao kilipoanza, katibu alimwita mbele. Dresa alitoka mstari wetu, lakini hakuenda mbele. Alipita katikati ya viti vya bondeni hadi kwa mkulima wa pamba, akamvua ile kofia ya viua, akaivaa yeye. Ilikuwa kubwa, ikamshuka hadi kwenye nyusi. Akarudi kukaa.

Ukumbi ulilipuka. Mkulima wa pamba alikaa na kipara chake kinang'aa, mikono magotini, kama mtoto aliyenyolewa. Katibu aligonga meza.

"Ndugu! Unamfanyia nini mwenzako?"

"Nachukua mali yangu, Ndugu Katibu. Mtumwa akifukuzwa, vitu vyake hurudi kwa bwana wake."

"Jana ulikuwa wewe mtumwa!"

"Hubadilika."

"Hubadilika vipi?"

"Inategemea nani kafiwa."

Katibu alimtazama dresa, akamtazama yule mwenye kipara, ambaye hakuonyesha dalili ya kutaka kofia yake. Halafu nikaona bega la katibu linatikisika, akafunika uso kwa mkono, akacheka. Alipomaliza alifuta macho, akasema majina yote mawili yarudi mezani. Kura zikapigwa kwa siri, zikahesabiwa mbele yetu, na dresa akashindwa kama tulivyojua sote, na yeye wa kwanza.

Mkulima wa pamba alikuja kumpa mkono.

"Haya, leta kofia."

"Utaifuata Mamboya."

"Kwa barabara gani, mtumwa wewe? Nipande kama mbuzi?"

"Mwenyekiti ni wewe."

Mkulima wa pamba alijipapasa kipara, akaondoka bila kofia.

Mchana tulipanda gari moshi la kurudi Kilosa. Ulikuwa msimu wa misufi kupasua maganda. Baada ya Kilangali sufi ilianza kuingia madirishani, ikaelea ndani ya behewa, ikatua juu ya magoti na mikoba, na hakuna aliyejisumbua kuipangusa. Madiwani wa milimani walikaa mwisho wa behewa na katekista, wamempa dresa mgongo. Kwao alikuwa ameiuza barabara. Ulipofika uchaguzi wa madiwani hawakumrudisha, na hilo alilijua tayari pale alipokuwa, nadhani, kwa jinsi alivyotazama nje.

Mimi nilikuwa sijui nikae wapi. Nilisimama na mkoba wangu kati ya makundi, gari likinitikisa.

"Kaa basi," akaniambia. "Utaanguka."

Nikakaa karibu naye. Nilimuuliza kama hajuti.

"Najuta," alisema. "Najuta sana. Yuko msichana kule juu, mimba yake ya kwanza, na mtoto amelala vibaya. Nikishuka Kilosa inanibidi nitafute watu wa machela."

"Wawili tumeshapatikana," nikasema.

Akaanza kutaja nani wengine wangeweza kuitwa, na tukianza kupanda saa ngapi tungemwahi.