Pale Goli Lilipokuwa

Baba haoni tena. Juzi aliomba tumpeleke Gerezani, ulipokuwa uwanja wa kwanza wa timu yake, asimame tena golini. Siku hizi pamejaa maduka ya spea, nami sikujua nimsimamishe wapi. Mama, shabiki wa watani wao, akamshika mkono mpaka mbele ya duka la betri.

"Hapa ndipo mlipotufunga, mzee wangu."

"Lile la kuotea?" Baba akamchokoza, maana ndivyo mama alivyobisha miaka yote.

"Lilikuwa goli halali."

"Rudia, wenye duka wasikie!"

"Sirudii ng'o."

Kusema haki, sina hakika kama ndipo penyewe, na labda mama naye alikisia tu. Baba alivua ndala, akasimama pekupeku, akicheka.