Santuri Isiyo na Mguu

Shangazi Ozella Minter alikuwa akiwafulia watu nguo hapa kwetu Mississippi. Wachache walijua kwamba ujanani aliimba muziki wa bluzi kwenye santuri. Ilikuwa moja tu, na haikununuliwa. Mimi, mke wa mpwa wake, niliisikia jioni ya kuamkia siku aliyokwenda hospitali kukatwa mguu kwa sababu ya sukari.

Hakuulilia mguu. Alichotaka ni kuisikia ile santuri na kuipigia kishindo kabla mguu haujaondoka. Maana siku ya kurekodi, wale wa kampuni walimwekea mto wa kulalia chini ya nyayo, eti kishindo chake kinaharibu sauti.

"Mimi wimbo naanzia mguuni," aliniambia. "Wale walirekodi nusu mtu."

Theotis, anayeuza pombe ya magendo ng'ambo ya mashamba ya pamba, ndiye pekee aliyebaki na santuri hiyo. Akaileta pamoja na gramafoni.

"Ozella, ukiivunja utanifulia bure mpaka ufe."

"Kwa suruali zako zile? Nitakufa wiki hiyohiyo."

Gramafoni ikazunguka. Sauti ilitoka nyembamba, ya msichana. Shangazi akashusha mguu uliofungwa bandeji, akapiga mbao za sakafu. Mwanangu mchanga, niliyekuwa nimembeba, akashtuka kifuani pangu. Mwanzo Shangazi alikwenda sawa na wimbo, kisha akaanza kubaki nyuma. Alikuwa akiutazama ule mguu, na nikaelewa kwamba haisikii sakafu chini ya unyayo.

"Niko sawa?"

Theotis akageuza kofia yake mikononi.

"Unachelewa, shangazi," nikasema.

"Mimi? Hao wa kwenye santuri ndio wanakimbia! Hebu rudisha mwanzo."

Ikarudishwa. Bandeji ikaanza kulowa damu.

"Basi shangazi, unajiumiza."

"Haumi. Ungeuma ningeshukuru."

Nikampa Theotis mtoto, nikapiga magoti, nikamwekea kiganja kwenye goti, mahali alipokuwa bado anasikia. Nikampigia mapigo hapo, taratibu. Mguu ukayafuata. Tukaenda hivyo mpaka wimbo ukaisha.

"Sasa huyo ndiye mimi," akasema, akajifuta uso kwa aproni.

Kesho yake daktari alikata juu ya goti, na pale nilipompigia mapigo pakaenda pia.

Shangazi aliendelea kufua, ameketi. Theotis alipomletea tena santuri, hakumruhusu kuvuka mlango.

"Nenda nayo," alimwambia. "Nina nguo za watu."