Kamba Aliyoiruka Mamdogo

Nilipokuwa mtoto, watoto wa wenzetu walitumwa chumvi na mafuta ya taa. Mimi nilitumwa kamba. Kila asubuhi nilitangulia mbele ya Mamdogo Zuhura nikipita meza hadi meza, nikiwaambia wamachinga, "Kaka, shikamoo, Bibi anasema legeza kamba, mjamzito anapita." Usicheke. Nilikuwa naifanya kazi hiyo kwa moyo kuliko hesabu za shule.

Tulikaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya Bibi aliyoachiwa na baba yake. Biashara ilikuwa imetufuata mpaka barazani. Kila machinga alikuwa na turubai lake la kuzuia jua, na kila turubai lilikuwa na kamba zake: moja kwenye nguzo ya umeme, nyingine kwenye nondo za dirisha letu, na nyingine zimevutwa chini kabisa, zimefungwa kwenye tofali. Mtu mzima alizivuka bila hata kuangalia. Hizo za chini ndizo zilizokuwa kesi.

"Mwenye mimba haruki kamba," Bibi alisema siku ile ile Mamdogo alipofika na begi lake. "Ukiruka, kitovu kinamzonga mtoto shingoni. Anatoka ameshakufa."

Mamdogo Zuhura ni mdogo wake mama yangu. Aliolewa Lindi, na kama ilivyo desturi kwetu, mimba ya kwanza ililetwa kwa mama mzazi ili azalie mikononi mwake. Mama yangu alikuwa anakaanga samaki soko la Feri, anaondoka alfajiri na kurudi jioni amechoka hoi. Mimi nilisoma zamu ya mchana. Kwa hiyo asubuhi nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, Mamdogo na mimi, na huyo wa tumboni.

Kutembea hakukuwa wazo la Bibi. Lilikuwa la nesi wa kliniki. Mamdogo alikuwa analala mchana kutwa, akila anatapika, akitapika analia. Nesi akamfokea mbele ya watu wote: "Wewe binti, mimba si ugonjwa! Tembea. Kila siku. Na kliniki usiikose hata mara moja, unanisikia?" Tukarudi Mamdogo kanuna. Siku ya kwanza tulifika kwenye kona tu, akashika kiuno akasema, "Nimechoka mimi, turudi tukalale."

Lakini alikuwa na ujanja wake. Alijidanganya. Akitoka nyumbani anasema, "Leo mpaka kwa muuza kahawa, basi." Tukifika kwa muuza kahawa anasema, "Ah, pale kwenye duka la vitenge si hapo tu?" Tukifika kwenye vitenge anakumbuka kuna mama anauza pemba, ule udongo ambao wajawazito wanautafuna kama biskuti, naye yuko mbele kidogo. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, tukawa tunafika mpaka bustani ya Mnazi Mmoja. Pale alishika mti akachuchumaa na kuinuka, akachuchumaa na kuinuka, jasho linamtiririka, huku vijana wanaokimbia mazoezi wanampigia makofi. Anajishika tumbo anamwambia mtoto, "Amka wewe! Unadhani nafanya peke yangu?" Na mtoto alikuwa anaamka kweli. Mamdogo alichukua mkono wangu akauweka ubavuni, nikasikia teke. Mpaka leo kiganja changu kinalikumbuka teke lile.

Bibi hakuyapenda mazoezi hayo, lakini aliyavumilia kwa masharti ya kamba. Na Kariakoo ilituzoea. Shomari, aliyekuwa anauza mabeseni mbele ya nyumba yetu, akituona tu anapaza sauti, "Bosi anapita! Legezeni kambaaa!" Na wale vijana, pamoja na midomo yao yote, walilegeza kweli. Kamba zinalala chini moja baada ya nyingine, Mamdogo anapita katikati ya mtaa tumbo mbele, anacheka. Sijapata tena kumwona mtu mzima akifurahi namna ile kwa kutembea tu.

Halafu ikaja asubuhi ya Mgambo.

Hakukuwa na mgambo wa jiji yeyote aliyekuja kukamata bidhaa. Mtu alipiga ukelele tu, "Mgambooo!" na kwa machinga neno hilo halisubiri uhakika. Tulikuwa tunarudi, tumebakiza meza chache kufika nyumbani. Watu wakakunja turubai na bidhaa zikiwa ndani, wakazibeba mgongoni, wakakimbia kutufuata. Mkokoteni wenye marobota ya mitumba ukawa unakuja kwa kasi upande wetu, mwenye nao anapiga kelele kwamba hauwezi kusimama. Mbele yetu ilikuwa kamba ya Shomari, bado imefungwa kwenye tofali, imekaza. Mamdogo alinishika mkono, akaruka. Aliruka na mimi nikining'inia kama kapu. Mkokoteni ukapita pale pale tulipokuwa tumesimama, ukagonga ukuta.

Tulipona. Mamdogo aliegemea ukuta akaanza kucheka, nadhani kwa woga. Kisha akageuka kuiangalia kamba.

Tulipofika barazani, mtaa ulikuwa umeshamwambia Bibi. Alikuwa amesimama hana hata mtandio.

"Umeruka?"

"Mama, tungekanyagwa. Mtoto huyu hapa angekanyagwa."

"Nimekuuliza umeruka?"

"Nimeruka."

Bibi alikaa chini pale pale, kwenye vumbi, akashika kichwa. Nilijua kulia kwa Bibi misibani, kule kwa sauti. Siku ile alilia kimya, na hicho ndicho kilichonitisha.

Dawa ilikuwepo, alisema. Aliyeruka airuke kamba ile ile kinyumenyume, arudi alikotoka. Lakini Shomari alikuwa ameshakunja vitu vyake akatokomea. Bibi, mwenye miguu mibovu, akaenda mpaka Buguruni, alikokaa, kumtafuta, chumba hadi chumba, anauliza watu wasiomjua, "Samahani, namtafuta kijana wa mabeseni, ana kamba yangu." Alirudi jioni kamba ameiviringisha ndani ya khanga. Ilikuwa kamba ya manila ya bluu, imechakaa. Akaitandaza uani, akamshika Mamdogo mabega, akamrudisha nyuma juu yake, midomo inasoma dua. Nilidhani yamekwisha.

"Sasa hutoki tena mpaka uzae," Bibi akasema.

"Na kliniki je?"

"Kliniki! Kutoka hapa mpaka huko kuna kamba ngapi?"

Mwanzoni Mamdogo alijaribu. Alitembea kwenye korido, kutoka mlango wa mbele mpaka wa uani, huku anajidanganya vile vile: mpaka kwenye mtungi, mpaka kwenye kibao cha kukunia nazi. Bibi akamkalisha. "Tulia, usije ukakikaza kitovu." Basi akatulia. Alikaa kwenye mkeka chumbani, dirisha limefungwa, joto la Dar unalijua. Nilimwambia, "Mamdogo, twende kwa muuza kahawa tu." Akanijibu, "Kwa muuza kahawa kuna nini?" Hapo ndipo nilipojua hamu imemtoka.

Miguu ikavimba. Alinifundisha mchezo: unabonyeza kwa kidole, unatoa, shimo linabaki. Nilicheka. Tulicheza mchezo huo sana. Kisha akaanza kulalamika kichwa, akasema anaona vitu vinamemeta ukutani. Mama yangu alimwambia Bibi, "Huyu apelekwe hospitali." Bibi akamuuliza, "Wewe umezalia wapi, si mikononi mwangu?" Mama alikuwa amechoka, na Bibi alikuwa Bibi. Akaenda kulala.

Kisha, asubuhi moja, nilimsikia Mamdogo akisema kwa sauti ndogo, "Mama, mtoto hachezi."

"Amelala."

"Hachezi tangu jana."

"Amelala, Zuhura. Nawe lala."

Alipopelekwa hospitali alikuwa amekwisha kuanguka na kukakamaa, meno yameuma ulimi, fahamu hana. Majirani walimbeba mpaka kwenye teksi. Madaktari walimwokoa yeye. Mtoto, wa kiume, alizaliwa ameshakufa.

Mwili uliletwa nyumbani, nao ulikuwa mdogo kiasi kwamba Bibi aliubeba kama mtu aliyebeba mkate. Alifunga mlango akamwosha peke yake, hakutaka msaidizi. Tulikuwa nje na wanawake wa mtaani. Alipotoka, mmoja wao akauliza lile ambalo kila mtu alikuwa nalo kooni.

"Kamba," Bibi akajibu. "Imemzonga."

Na hivyo ndivyo ilivyokaa. Mamdogo aliporudi akaambiwa. Mumewe alipokuja kutoka Lindi akaambiwa. Hakumpiga wala kumtukana, alimwangalia tu miguu yake, na mimi niliona alivyoiangalia. Alimchukua, wakaishi kidogo, akamwacha. Mamdogo hakutaka mimba nyingine wala mume mwingine. Amebaki kule kule Lindi, ana kiduka chake, anakaa kwenye kiti kutwa. Mwilini mwake haonekani tena yule binti aliyekuwa akichuchumaa Mnazi Mmoja. Kwake hakuna kamba hata ya kuanikia nguo. Anaanika kwenye ua wa michongoma, na nguo zinachanika. Kila nilipokwenda kumwona alinisalimia vizuri, akanipikia. Nami kila mara nilitaka kumwambia asante kwa mkono ule, nikashindwa nianzie wapi.

Sasa ni zamu yangu. Mimba yangu ya kwanza, nimekuja kuzalia kwa Bibi, maana mama hayupo tena duniani. Nyumba ni ile ile, imebanwa na maghorofa kulia na kushoto. Bibi amezeeka, jicho moja haoni. Nesi wa siku hizi ana sauti ya upole, lakini maneno ni yale yale: tembea, kila siku. Namjibu ndiyo dada, halafu narudi kulala. Leo jua kali. Kesho mgongo. Keshokutwa watu wengi. Nikawa na sababu mfukoni kama pipi. Sababu yenyewe nilikuwa naiona kila nikifungua mlango: imevutwa chini, imefungwa kwenye tofali.

Wiki iliyopita Bibi alijifunga khanga zake, akachukua fimbo. "Twende."

"Wapi, Bibi?"

"Kwa muuza kahawa."

Nilishtuka. Sikujua kama alikuwa akitusikia enzi zile. Tukatoka. Tulipofika kwenye kamba ya kijana anayeuza kava za simu, nikageuka ili nizunguke kwa upande wa barabarani, kwenye bodaboda. Bibi akanizuia kwa fimbo.

"Ruka."

"Bibi, hiyo ni kamba."

"Sijapofuka yote. Ruka."

"Siwezi." Na kweli sikuweza. Mimi huyu, ninayewacheka watu kazini kwa mambo ya namna hii!

Bibi alishika meza ya yule kijana. Akasema, hakuninong'oneza, kijana mwenyewe alisikia: "Shingo yake ilikuwa safi. Nilimgeuza, nikamwangalia mbele na nyuma. Hapakuwa na alama. Mtoto mzuri, shingo safi kabisa."

"Mbona ulisema..."

"Ningesema nini? Pale mlangoni, na wanawake wote wale? Kama si kamba, ni nani? Si mimi niliyemfungia?"

Jamani, nilimchukia. Nasema ukweli, kwa muda ule nilimchukia bibi yangu aliyenilea, mzee wa jicho moja, katikati ya Kariakoo. Nikatoa simu, nikampigia Mamdogo, nikamwekea Bibi sikioni. Sikumuuliza kama yuko tayari.

"Zuhura," Bibi alisema. "Ni mama yako. Mtoto hakuzongwa na kitu. Nilidanganya. Hakuzongwa, mwanangu."

Akasikiliza. Sijui aliambiwa nini, au kama aliambiwa kitu. Kisha akanirudishia simu.

"Mamdogo?"

"Uko wapi?" Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nje. Mtaani."

"Unatembea?"

"Natembea, Mamdogo."

"Tembea," akasema, akakata.

Niliiruka kamba ile. Kijana wa kava za simu alinipa mkono. Hakuna kilichotokea, mguu mmoja kisha mwingine, kitu cha kawaida kabisa, na hilo ndilo lililoniliza, kwamba kilikuwa kitu cha kawaida kabisa.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Bibi alimpenda mwanawe. Mtu asiyempenda mwanawe haendi Buguruni kwa miguu mibovu kutafuta kamba. Lakini alipoona kosa ni lake akampa mwanawe alibebe, na mwanawe amelibeba maisha yake yote. Kumsamehe si kazi yangu, ni ya Mamdogo. Yangu ni kutembea. Natembea kila asubuhi, najidanganya vile vile, mpaka kwa kahawa, mpaka kwenye vitenge, mpaka Mnazi Mmoja, na mtoto ananipiga teke njia nzima.

Bibi ananisubiri barazani, simu imelala mapajani. Nikirudi huniuliza mambo mawili: kama nimetembea, na kama Zuhura amepiga. La kwanza namjibu ndiyo.