Nilivyosahau Kurudisha Saizi ya Picha

Mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na kalamu mkononi mwangu ni nzito kuliko jembe. Neno moja naliandika, nalifuta, naliandika tena. Mkikuta herufi imekosekana, itieni wenyewe. Najua wanaosimulia kazi zao huwa ni wazee. Mimi nina miaka ishirini na minne, ila kazi yangu imezeeka kabla yangu.

Siku ya kwanza nilifika studio pale Bunda saa moja asubuhi, bado imefungwa. Mwenye studio, Mzee Shabani, alikuwa mpiga picha tangu enzi za filamu. Alinikuta nimesimama mlangoni.

"Wewe ndiye yule binti asiyeongea?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Vizuri. Kamera nayo haiongei. Lakini ukiisahau, itakusema mbele za watu."

Mwaka wa kwanza sikupiga picha hata moja. Nilitandika kitambaa cha bluu cha pasipoti, nikafuta lenzi, nikafagia. Mwaka wa pili nilijifunza kusafisha picha, yaani kuitoa kwenye karatasi. Ndipo bosi akanipa kamera na sheria moja: kabla ya kazi, soma kioo cha nyuma. Angalia mwanga, halafu saizi. Saizi ni herufi tu. L ni picha kubwa, unaweza kuikuza ikajaa ukuta. S ni ndogo, inatosha pasipoti, na kadi ya kamera haijai upesi.

"Ukiweka S, rudisha L kabla hujazima," alisema.

Ijumaa moja nilitumwa kupiga picha za vitambulisho vya wanafunzi. Nikaweka S. Watoto walisukumana, wakanicheka, maana nilipowaambia watulie hata mimi sikuisikia sauti yangu. Nilipomaliza mvua ikaanza. Nikazima kamera, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikakimbia.

Kesho yake nilikwenda kijiji kimoja upande wa Butiama, kwa Bibi Nyangeta. Watoto wake wanne walikuwa wamekuja kwa misa ya shukrani, mara ya kwanza kuonana wote tangu wamzike baba yao. Macho ya bibi yalikuwa yanaingia ukungu, na daktari alishamwambia hayatarudi. Alitaka picha moja kubwa, aiweke mbele ya kiti chake, awatazame watoto mpaka macho yafunge kabisa.

"Nifanyie sura ziwe kubwa, mjukuu wangu," aliniambia. "Hizi picha ndogo ndogo naonaga kokoto tu."

Wakasimama nyuma yake: Magesa, mvuvi wa Kibara, Masatu, mkulima wa Suguti, Nyanjige, muuza dagaa wa Musoma, na kitinda mimba, Wambura, aliyekuwa anaondoka siku ileile kwenda machimbo ya dhahabu Geita.

"Wambura, inama kidogo, wewe si twiga," Nyanjige alimwambia.

"Twiga watu wanamlipiaga kumwangalia. Mimi mnaniangalia bure."

Bibi akacheka, wote wakacheka, nikabonyeza. Kwenye kioo cha kamera ilipendeza. Kwenye kile kioo kidogo kila picha inapendeza.

Jumatatu bosi aliifungua kwenye kompyuta akaanza kuikuza. Sura zikavunjika vipande vya mraba, kama ukuta wa matofali. Akajaribu ya pili, na ya tatu. Hakufoka. Alichukua kamera, akanigeuzia kioo, akaweka kidole chini ya ile herufi. S.

"Nani ataenda kumwambia?"

"Mimi."

"Sikusikii."

"Mimi, bosi."

Nilimkuta bibi anachambua maharage kwa vidole, bila kuyatazama. Nikamweleza. Aliendelea kuchambua.

"Wameshatawanyika," alisema. "Na macho hayangojagi mtu."

"Nitawafuata, Bibi. Mmoja mmoja."

"Wewe? Si kuongea tu unaogopa?"

"Sitaongea. Nitapiga picha."

Wiki ile sikutulia. Kibara nilimsubiri Magesa ufukweni hadi adhuhuri, nikawasha kamera, nikasoma L, nikazima, nikawasha tena. Mvuvi mmoja akaniuliza kama kile kidude ni redio. Suguti nilimkuta Masatu kwenye mihogo, akang'ang'ania abadilishe shati. Musoma, Nyanjige, aliyeshasikia habari ya ile S, alinisimamisha katikati ya soko.

"Nionyeshe hiyo herufi kwanza."

Nikamwonyesha. Akajifuta magamba ya dagaa, akasimama wima.

Wambura hakupatikana. Namba yake ya simu ilikuwa haiiti tena, na mashimo ya Geita ni mengi.

Nilimpelekea bibi sura tatu, kila moja kubwa kama sinia. Akaishika ya Magesa, akaisogeza hadi puani.

"Huyu amezeeka. Kovu hili alidonolewa na jogoo." Akazisimamisha zote tatu kwenye viti, akavuta kiti cha nne. "Na yule mrefu?"

Nikampa ile picha ya pamoja, ndogo kama kiganja.

"Yumo humu?"

"Yumo, Bibi. Juu, kulia."

Akapitisha kidole pale, taratibu, akarudia. "Mbona pote ni sawa," alisema. Hakuiweka kwenye kiti. Aliifunga kwenye pindo la kanga.

Studio imefungwa sasa. Watu wanapigana picha za pasipoti kwa simu, na Mzee Shabani amechoka. Siku ya kuagana alinipa ile kamera, akaniambia mimi pekee ndiye nisiyeweza kuisahau tena. Nimerudi nyumbani, nalima pamba na mama. Kila asubuhi naiwasha, nasoma L, naizima. Nikifika shambani nahisi sikuangalia vizuri, narudi. Mama anasema nitamaliza njia.

Bibi Nyangeta bado anaona kidogo, kwa jicho la kushoto, jua likiwa kali. Kiti cha nne bado kiko wazi.

Kwa hiyo msomaji, kama uko machimboni Geita au una ndugu huko, na unamjua Wambura, mrefu, mwenye utani, mama yake yuko upande wa Butiama, niandikie kupitia kwa mhariri. Mstari mmoja unatosha, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Niambie tu yuko shimo gani, nije. Kamera iko kwenye L. Nimeangalia sasa hivi.