Swali Nililomuuliza Mwalimu Nikikata Sukuma

Mnisamehe mwandiko mbaya na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nane na mkono wangu huenda polepole.

Hapa mtaani Huruma ukinunua mboga ya sukuma wiki, sisi wauzaji hukukatia majani yake. Jioni moja mwalimu wa sekondari, mteja wangu, alinisumbua nimkatie nyembamba zaidi, tena zaidi. Nilipokuwa nikikata, akaniambia watu wa kale waliamini ukikata kitu sana utafika kwenye atomu, chembe isiyokatika. Baadaye wataalamu wakagundua hata hiyo ina vipande: kiini kidogo katikati, elektroni mbali nje, na kati yake hamna kitu.

Mimi huona haya hata kusalimia wateja. Lakini swali lilinikaba. Niliogopa atanicheka, kisha nikauliza, "Mwalimu, kama atomu ni tupu hivyo, mbona kisu hakipiti tu kidoleni bila kunikata?"

Hakucheka. Alikuna kichwa. "Dadangu, hiyo huwa tunaifikia kidato cha nne."

"Na mimi niliyeishia la nane?"

Alibeba sukuma yake akaenda. Siku hizi hununua kabeji kwa muuza mboga jirani yangu.

Anayejua jibu aniandikie, tafadhali. Walimu pia wanaruhusiwa.