Mate ya Bibi na Komunyo Yangu ya Kwanza

Baba alirudi kutoka vita vya Mwingereza huko Burma akiwa na koti zito la kijeshi, buti na dini. Koti alilivaa hata jua la Singida likiwa utosini, buti alizivaa Jumapili, na dini aliivaa saa zote, akatuvalisha na sisi. Nyumbani kwetu, jirani na Mtinko, sala ya asubuhi ilikuwa gwaride. Tulijipanga mbele ya tembe, mama akiwa mwisho na mtoto mgongoni, na baba akapita kukagua kama mikono imefumbatana inavyotakiwa. Aliyesinzia katikati ya Salamu Maria aliturudisha wote mwanzo, huku mbuzi wakilia zizini kwa njaa. Mama alikuwa akisema hata mbuzi wetu ni Wakatoliki, ila wao hawakuulizwa.

Mtu mmoja tu hakuingia kwenye gwaride hilo, naye ni bibi, mama mzazi wa baba. Bibi hakuwa amebatizwa. Si kwamba aliipinga dini. Katekista alipokuja kumfundisha alimkaribisha vizuri, akampa uji, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba huyo Mungu anamfahamu tangu utotoni, ila hakupata habari kwamba ana mwana. Bibi alifurahi sana kwa ajili ya huyo Mungu. Akauliza kama huyo mwana ameshaoa. Katekista alimaliza uji wake akaondoka.

Huyo katekista ndiye aliyekuwa Kanisa letu. Padri alikuwa Mzungu mwenye pikipiki na vigango vingi, makanisa madogo ya vijijini, tukimwona kwa nadra. Kati ya ziara moja na nyingine, mbingu zilifungwa na kufunguliwa na katekista, mtu mwembamba mwenye sauti nene, aliyependa sheria kuliko wengine wanavyopenda nyama. Alitufundisha Komunyo ya Kwanza kwa kutuuliza maswali, na swali alilolipenda zaidi lilikuwa la mfungo. Siku hizo anayekomunika hakuruhusiwa kutia kitu mdomoni tangu usiku wa manane, hata tone la maji. Tulimchimba kweli kweli. Mtu akimeza mbu je? Mbu si chakula, alijibu, lakini asimtafune. Na mate? Mate ya mwenyewe hayavunji mfungo, kila mmoja ameze yake kwa amani.

Mimi niliitaka hiyo Komunyo kuliko kitu chochote duniani. Sitajifanya kwamba niliitaka kwa sababu ya gauni jeupe, ingawa gauni lilikuwapo, kitambaa chake kilitoka dukani kwa Mhindi mjini Singida na mama alilishona kwa mkono. Niliamini kabisa kwamba Yesu atakuja kukaa ulimini mwangu, na kwamba mimi, niliyekuwa natumwa kuni na maji na kila mtu, nitakuwa na mgeni wangu mwenyewe. Niliwaza nitamwambia nini. Niliogopa hata kupiga miayo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya sikukuu ya Mwili wa Kristo, baada ya mavuno, upepo wa baridi ukivuma kutoka kwenye mawe. Tulitoka alfajiri. Bibi alikuwa amesimama kwenye lango la zizi, kibuyu mkononi.

Kwetu mtu haendi kwenye jambo zito bila mzee kumbariki langoni. Mzee huchukua maji yenye unga kidogo wa uwele, hujaza mdomo, kisha humpulizia yule anayeondoka usoni na kifuani, huku akimtakia njia njema. Baba mwenyewe alipuliziwa hivyo asubuhi aliyokwenda vitani, akarudi na viungo vyake vyote, jambo ambalo katika mahubiri yake alimpa sifa malaika mlinzi peke yake.

“Mjukuu wangu,” bibi alisema kwa Kinyaturu, “leo unakwenda kupokea mgeni mkubwa. Uende safi, urudi safi.”

Nikafungua mdomo kusema asante. Wakati huohuo akapuliza.

Baba alisimama kama aliyesikia king'ora.

“Umemeza?”

“Sijui, baba.”

Na kweli sikujua. Nililamba midomo kama mtu yeyote aliyeloweshwa. Bibi alituangalia akitabasamu, akingoja ashukuriwe. Baba alinishika mkono tukaondoka mbio mbio bila kumuaga.

Tulimkuta katekista nje ya kanisa, na kesi ikafunguliwa palepale chini ya kengele. Je, yalikuwa maji matupu au yenye unga? Yenye unga. Basi si kinywaji tu, alisema katekista, hiki ni chakula. Baba, ambaye sasa alitamani kuniokoa, alikumbusha kwamba mate hayavunji mfungo.

“Mate ya mwenyewe,” alisema katekista.

“Ni bibi yake, mwalimu. Damu moja.”

“Damu ni moja, mate ni mawili. Na tena ni mate ya mtu asiyebatizwa.”

Wazee wa kigango wakasogea. Mmoja alitaka kujua kama matone yaligusa ulimi au meno, kwa sababu meno ni mfupa. Mwingine alipendekeza niteme, tuone. Nikatema. Wote wakainama kutazama mavumbi, watu wazima wenye kofia mikononi, na hakuna aliyeona kitu kilichomsaidia. Mama alisema polepole kwamba padri yupo ndani, kwa nini asiulizwe. Katekista akajibu kwamba padri hasumbuliwi na mambo ya mate. Hukumu ikatoka kwamba ningoje mwaka kesho.

Nililia kwa sauti. Nililia hadi baba akanifunika na lile koti lake ili gauni lisionekane.

Tukaingia kanisani. Misa ilianza, kama Misa kubwa zote za Jumapili, kwa padri kupita katikati yetu akitunyunyizia maji ya baraka. Katekista alimfuata kwa karibu akiwa amebeba ndoo, na kwa kuwa ndiye kiongozi wa nyimbo, alikuwa anaimba Kilatini chake huku kinywa kimeachama. Padri alichovya, akarusha. Nilikuwa mstari wa mbele, nikaona kwa macho yangu. Maji yalimpata katekista sawasawa. Alimeza, akapangusa kidevu, akaendelea na ubeti. Wakati wa Komunyo alikuwa wa kwanza kupiga magoti.

Baada ya Misa padri aliuliza kwa nini mtoto yule mwenye gauni hakupokea. “Alivunja mfungo, padri,” alijibu katekista. Padri akatikisa kichwa kwa huruma, akanipapasa nywele, akasema mwaka kesho. Nilimchukia katekista kwa moyo wangu wote.

Nyumbani sherehe ilikuwa imekwisha andaliwa. Mbuzi alishachinjwa, pombe ya mtama imeiva, na wageni hawakuona sababu ya vitu hivyo viwili kungoja mwaka kesho. Walikuja wote, wazee wa kigango na katekista mbele yao. Lakini mtungi wa pombe kwetu haufunguliwi kabla ya mzee wa nyumba kuchukua funda la kwanza na kuwapulizia watu baraka. Na mzee wa nyumba alikuwa bibi.

Baba alimwita. Bibi hakuinuka.

“Nimesikia mdomo wangu unaharibu watu,” alisema. “Sitaki kuharibu na wageni.”

Katekista alikuwa tayari ameshika kibuyu chake.

“Shikamoo, bibi,” alisema kwa upole ambao sisi wanafunzi wake hatukuwahi kuuonja. “Pombe ni jambo lingine. Hapa hakuna anayefunga.”

“Marahaba. Kumbe asubuhi mate yangu ni mabaya, mchana mazuri?”

Nyama ilikuwa inapoa. Mwishowe baba, mbele ya watu wote, alipiga goti moja na buti zake na kumwambia, “Mama, tafadhali.” Bibi akainuka, akachota, akajaza mdomo. Wazee wote wakavua kofia na kuinamisha vichwa, katekista akiwa ameinama kuliko wote. Bibi akawapita mmoja baada ya mwingine, akaja nyuma ya ghala nilikokuwa nimekaa na gauni langu, akanipulizia mimi. Safari hii nilifungua mdomo wote makusudi.

“Sasa kunyweni,” aliwaambia.

Walikunywa. Gauni likabaki na doa la kahawia kifuani, mama akalifua kwa majivu na sabuni, halikutoka.

Bibi alifariki masika yaliyofuata. Katekista aliletwa mbio ambatize, akafika na chupa ya maji akiwa amechelewa. Alisimama mlangoni ameshika chupa yake, na kwa mara ya kwanza hakujua sheria inasemaje. Baba alimwambia ayamwage nje.

Sikukuu ya Mwili wa Kristo iliporudi tulitoka tena alfajiri, gauni sasa likiishia magotini, doa likiwa palepale. Tulipofika kwenye lango la zizi baba alisimama. Sikuelewa anangoja nini. Alivua kofia, akalitazama lango, akalitazama doa langu, akavaa kofia yake tena.

“Twende,” alisema.

Nilifika kanisani na mfungo usio na kasoro, katekista akanipitisha. Nikapokea. Komunyo ikanata kwenye kaakaa la mdomo mkavu, na tulikuwa tumefundishwa tusiitafune wala kuigusa kwa kidole, tungoje mate yailainishe. Nikangoja mate. Hayakuja. Yule mgeni niliyemwandalia maneno mwaka mzima alikuwa amefika, na mimi nilikuwa namfikiria bibi tu. Kisha machozi yakashuka, yakaniingia mdomoni, nikameza vyote pamoja. Sikumwuliza katekista kama inaruhusiwa.